Betri ya zinki yenye jeli: itaiweza baridi ya Makete na joto la Mbagala?

"Mimi ni fundi wa umeme wa jua. Nyumbani ni Makete, ila kazi nyingi nazipata Dar. Nimeangalia video inayosema kuna betri mpya za zinki zenye jeli ya maji: hazilipuki, hazigandi hata kwenye nyuzi 70 chini ya sifuri, na jeli yake inaweza kutengenezwa kwa mwani. Nina wateja wawili wanaosubiri ushauri wangu. Mmoja ni zahanati ndogo huku kwetu juu, ambako asubuhi za Julai majani yanakuwa meupe kwa barafu. Mwingine ana duka la vinywaji Mbagala. Betri zake ziko juu ya dari, chini ya mabati, na moja ya jeli imeshavimba ubavuni. Je, hizo za zinki ndizo hizi hizi tunazoziita betri za jeli? Niwaambie wasubiri au wanunue lithiamu? Na hiyo ya mwani, naweza kujaribu mwenyewe?"

Kamwene, fundi. Nitajibu yote uliyouliza, lakini lile la betri iliyovimba halingojei nimalize kueleza kemia. Leo hii mpigie mwenye duka. Paneli zikatwe kwanza, kisha mzigo, ndipo nyaya za betri zifunguliwe. Betri ya risasi ikivimba ujue imepikwa: imechajiwa kupita kiasi, au imekaa kwenye joto muda mrefu, gesi ikazalishwa ndani kuliko vali inavyoweza kuitoa, na plastiki ikalainika. Usiitoboe, wala usiichaji tena "kidogo tu tuone". Mkikuta ukiigusa ni ya moto, au inanuka yai bovu, tokeni wote, acheni milango wazi, na msirudi mpaka ipoe. Kuishusha kutoka darini si kazi ya mtu mmoja. Ikifika chini irudishwe kwa muuzaji au kwa mkusanyaji wa betri za risasi anayetambulika, si kwa kijana wa skrepa atakayeimwaga asidi mtaroni.

Haya, sasa tuzungumze.

Nadhani kinachokunyima usingizi si jina la betri. Unaogopa kumwuzia mteja kitu cha jana wakati cha kesho kimeshafika bandarini, au kumwambia asubiri kitu ambacho hakitafika. Basi msimamo wangu nautanguliza: wateja wako wasisubiri. Na ile namba ya nyuzi 70 chini ya sifuri iliyokuvutia ndiyo isiyokuhusu hata kidogo. Huku kwetu adui wa betri ya maji ni joto na ukavu. Makete unaganda umande wa asubuhi. Mbagala darini betri inapikwa miezi yote 12.

Tuanze na jina. Betri ya jeli unayoifunga wewe ni ya risasi na asidi. Wajerumani wa kampuni ya Sonnenschein waliianzisha miaka ya 1950 kwa kuchanganya asidi ya salfuriki na vumbi laini sana la silika, kitu kile kile kilichomo kwenye mchanga ila laini kupita unga, mpaka asidi ikashikamana kama uji mzito. Kwa hiyo nayo ni betri ya maji iliyowekwa kwenye jeli. Ile ya kwenye video ina mfupa mwingine kabisa: badala ya silika kuna minyororo mirefu ya polima iliyofumana kama wavu, maji yamenaswa ndani ya wavu huo, na ndani ya maji kuna chumvi ya zinki badala ya asidi kali. Jeli ya maji ya namna hiyo ndiyo inaitwa haidrojeli. Ukitaka kuiona leo, chana pampasi ya mtoto iliyolowa. Zile punje zinazoteleza ni polima iliyokunywa maji mara nyingi kuliko uzito wake na kukataa kuyaachia. Ndugu wa mbali, basi, lakini si mtu mmoja. Karatasi ya vipimo ya moja usiitumie kwa nyingine.

Tena jeli na zinki si wageni kwetu. Mfaransa Georges Leclanché alitengeneza seli ya zinki na manganizi mwaka 1866, ikiwa na maji ya chumvi ndani ya chupa. Miaka 20 hivi baadaye Mjerumani Carl Gassner akayageuza yale maji yakawa rojo zito, na kopo lenyewe la zinki likawa upande hasi. Waliofuata walitumia unga na wanga, uji hasa. Hiyo ndiyo betri ya redio tuliyokua nayo. Nyumbani kwetu zikianza kuchoka, marehemu babu alikuwa anazianika juu ya mabati saa 5 asubuhi ili jioni taarifa ya habari isikatike. Watu walidhani jua linarudisha umeme. Halirudishi. Joto lilikuwa linalegeza ule uji, ioni, yaani chembe zinazobeba chaji ndani ya betri, zikapata njia, na mabaki yaliyokuwa yameziba karibu na zinki yakasambaa. Mabaki ya nguvu yaliyokuwemo yakatoka. Ila joto hilo hilo liliharakisha zinki kuliwa, na ndiyo maana betri iliyoanikwa mara tatu ilianza kutoa maji na kuharibu chemchemi za redio. Shika mfano huu wa babu, maana habari yote ya haidrojeli na joto imo humo: kinachoipa ioni miguu ndicho kinachokipa kinachokula zinki meno.

Kilichobadilika ni kwamba sasa inawezekana kuichaji. Wajapani Yamamoto na Shoji walionyesha mwaka 1986 kuwa zinki na manganizi vinaweza kufanya kazi kwenye maji ya salfeti ya zinki, yasiyo makali. Mwaka 2012 kundi la Kang Feiyu wa Chuo Kikuu cha Tsinghua likalirudia wazo hilo na kulipa jina la betri ya ioni za zinki, na tangu hapo maabara za dunia zimelivamia. Zinki inavutia kwa sababu za wazi: haiwaki kwa urahisi kama lithiamu, inapatikana kwa wingi, na gramu 1 inabeba miliampea-saa 820 za chaji, wakati risasi ni kama 259.

Kwa nini basi isiachwe kwenye maji tu? Kwa sababu maji huru ni mgeni msumbufu. Kwanza, kwa sheria za kemia zinki haipaswi kukaa ndani ya maji kwa amani. Iko volti 0.76 chini ya haidrojeni, maana yake inatamani muda wote kuyavunja maji na kutoa gesi. Kinachoiokoa ni uvivu: mmenyuko huo huenda polepole sana juu ya uso wa zinki safi. Pili, kila ukichaji, zinki inarudi kujibandika kwenye bati lake, na haijibandiki sawasawa. Panapotokea kichuguu kidogo, umeme hukusanyika hapo, zinki nyingi zaidi inakimbilia hapo, na baada ya mizunguko mingi una miiba inayoweza kufika upande wa pili na kusababisha shoti. Tatu, kila ioni ya zinki inatembea ikiwa imekumbatia molekuli 6 za maji. Ikifika kwenye bati inazivua, na maji hayo yaliyovuliwa papo hapo ndiyo mepesi zaidi kuvunjika.

Wavu wa polima unasaidia yote matatu, bila kumaliza hata moja. Unayapunguzia maji uhuru, unazisambaza ioni ili zisirundikane sehemu moja, na unauzuia mwiba kwa ukinzani wa nyama yake. Pia jeli ikitoboka haimwagiki. Polima zinazotumika sana ni poliakrilamaidi, poliviniliki alkoholi, jelatini, agari, alginati na kitosani. Majina mengine magumu, lakini zaidi ya nusu yake ni vitu vya jikoni na baharini.

Video yako inasema "hazilipuki". Nusu ya neno hilo ni kweli. Hakuna kimiminika cha kuwaka kama kile cha ndani ya lithiamu, kwa hiyo huoni ule moto usiozimika. Lakini haidrojeni inayozalishwa polepole ni gesi inayowaka, na ndani ya kasha lililozibwa inavimbisha. Tena kwenye jeli gesi haina pa kupita: kwenye maji kiputo huelea juu kikaondoka, kwenye jeli kinabaki pale pale kati ya zinki na jeli, na sehemu hiyo ya bati haifanyi kazi tena. Sifa ya kutowaka nisingeikubali ikauzwa kama sifa ya kutovimba.

Sasa baridi. Molekuli za maji hushikana mikono kila wakati na kuachiana, kama watu kwenye mduara wa ngoma. Barafu ni gwaride: kila mmoja sharti asimame mahali pake, kwa umbali ule ule. Ukitaka maji yasigande, wavuruge wasiweze kujipanga. Njia moja ni chumvi nyingi. Mchanganyiko wa kawaida wa salfeti ya zinki unaotumika maabara una molekuli kama 27 za maji kwa kila ioni ya zinki. Zinki ikichukua 6 zake, zimebaki 21 za kucheza gwaride, na mchanganyiko unaganda nyuzi chache tu chini ya sifuri. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Nankai, China, walichapisha mwaka 2020 mchanganyiko wa kloridi ya zinki wenye molekuli 7 na kidogo tu kwa kila zinki. Kwa lugha ya sufuria, ni kilo 1 hivi ya chumvi ndani ya kilo 1 ya maji. Hapo hakuna maji ya ziada ya kupanga gwaride lolote. Uligandia kwenye nyuzi 114 chini ya sifuri, na betri yao ilifanya kazi kuanzia nyuzi 90 chini ya sifuri hadi 60 juu. Nadhani namba 70 ya kwenye video imetokea huko, kwa kuwa ni moja ya vipimo walivyotangaza. Ila kazi ile ilihusu kimiminika, si jeli, na kloridi ya zinki nzito kiasi hicho ni ya asidi na inakula vyuma vya kasha. Namba nzuri, bei yake haikutajwa kwenye video.

Njia ya pili unaifahamu bila kujua. Makete mkipasuka midomo Juni mnapaka nini? Glisirini. Inashika maji ya ngozi yasikimbie. Ndani ya haidrojeli inafanya hivyo hivyo: inayashika maji yasigande na yasikauke. Mchanganyiko wenye theluthi mbili za glisirini kwa uzito haugandi mpaka karibu nyuzi 46 chini ya sifuri. Naipenda njia hii kwa sababu inatibu baridi na ukavu kwa dawa moja. Kasoro yake utaiona ukiimimina kwenye kijiko: ni nzito, na ioni ndani yake zinatembea kama mtu kwenye tope. Ukiiweka nyingi, betri haigandi lakini pia haitoi umeme wa maana asubuhi, wakati nesi anahitaji taa. Ndiyo maana wengine wanaifungamanisha dawa na polima yenyewe badala ya kuimwaga ndani ya maji. Kundi la Chunyi Zhi huko City University of Hong Kong lilifanya hivyo mwaka 2019, wakapata betri ya zinki na manganizi inayofanya kazi kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri.

Nyuzi 20 chini ya sifuri zingekutosha Makete na kubaki. Kwa hiyo kwa upande wa baridi tatizo lako lilishapata majibu kabla hatujafika kwenye zile 70. Kilichobaki kwenye baridi yenu ni kitu kidogo cha kuudhi: kuganda na kuyeyuka, kila asubuhi. Jeli nyingi zikiganda usiku na kuyeyuka mchana hutema maji, kama mtindi uliolala unavyojitenga na maji yake juu. Baada ya wiki kadhaa unabaki na wavu uliosinyaa upande mmoja na dimbwi upande mwingine.

Joto ndilo linalonipa mashaka. Nilisema zinki inaokolewa na uvivu wa ule mmenyuko wa kutoa haidrojeni. Joto halina subira na uvivu. Kanuni ya mafundi kwamba maisha ya betri ya risasi hupungua nusu kwa kila nyuzi 10 juu ya 25 imetokana na jambo hilo hilo, kwamba mimenyuko ya kemia huongeza kasi kama mara 2 kwa kila nyuzi 10. Dari la Mbagala hupita nyuzi 40 kwa urahisi mchana. Zinki inaliwa haraka, gesi inaongezeka, na upande chanya wa manganizi unayeyukia ndani ya maji kwa kasi zaidi. Juu ya hayo, mvuke: kutoka nyuzi 25 hadi 45, msukumo wa mvuke wa maji huongezeka mara 3. Maji yanatafuta kila tundu la plastiki. Jeli ikipoteza maji inasinyaa na kuachana na bati la zinki, kama udongo wa jaruba la mpunga unavyopasuka kiangazi, na pale ilipoachia hakuna umeme.

Na jeli yenyewe si zote zinalistahimili joto. Jelatini inayeyuka karibu na nyuzi 35. Fikiria basi: betri ya jelatini tupu ingekuwa jeli asubuhi na mchuzi saa 8 mchana. Agari ina tabia ya ajabu niliyoipenda tangu shuleni: inaganda ikishuka karibu na nyuzi 40, lakini ikishaganda haiyeyuki tena mpaka ufike kama 85. Poliakrilamaidi iliyofungwa kwa viungo vya kemia haiyeyuki kabisa, ingawa kwa miezi kwenye joto viungo vyake huweza kubadilika polepole. Wapo wanaojaribu polima inayojifunga yenyewe kwenye joto kama swichi ya usalama, ikifika nyuzi 32 hivi inakunja minyororo na kutema maji, ioni zinasimama. Wazo la busara kwa simu. Kwa Dar, nyuzi 32 ni siku ya kawaida tu. Soda za mteja wako zingekuwa za moto kila mchana, na betri ingesema inamlinda.

Kuna jambo moja ambalo video hazisemi, na ningependa ulikariri uwe unawauliza wauzaji. Betri nyingi za maabara zinapimwa kwa kipande cha zinki chenye unene wa maikromita 100, yaani sehemu ya kumi ya milimita, halafu kila mzunguko inatumika miliampea-saa 1 tu kwa kila sentimita ya mraba. Piga hesabu: sentimita moja ya ujazo ya zinki inabeba miliampea-saa 5,855, kwa hiyo unene ule unabeba 58 na ushee kwa sentimita ya mraba. Wametumia chini ya asilimia 2. Ni sawa na mtu kukusifia pikipiki yake haili mafuta, kumbe anaipima kwenye mteremko. Tuilete zahanati. Tuseme inahitaji kuhifadhi kilowati-saa 2. Kwa volti 1.3 za seli ya zinki, unahitaji ampea-saa 1,540 hivi, ambazo ni zinki kilo 1.9 ikitumika yote. Ikitumika kwa asilimia 2 kama maabara, unahitaji kilo 94 za zinki, kabla hujaweka manganizi, jeli wala kasha. Anayekuambia "imezunguka mara elfu kadhaa" muulize: kwa kina gani cha kutumia zinki, kwenye joto gani ilichajiwa, si ilipotumika tu, na imekaa miezi mingapi kwenye joto hilo. Kuzunguka haraka haraka kwa wiki tatu kwenye chumba chenye kiyoyozi hakusemi lolote kuhusu miaka mitatu darini.

Sisemi ni utapeli. Zinki za maji zinauzwa kweli duniani: Eos ya Marekani inatengeneza betri kubwa za zinki na bromini kwa ajili ya gridi. Lakini nakumbuka pia Aquion, ya huko huko Marekani, iliyouza betri za maji ya chumvi kwa nyumba za sola. Mwaka 2017 ikafilisika. Kemia yao haikuwa mbaya. Lithiamu ilishuka bei kuwazidi kasi. Waliozinunua walibaki na betri zisizo na mwenyewe. Ndiyo maana kwa zahanati mimi nachagua kitu ambacho mwaka kesho kutakuwa na mtu wa kukitengeneza.

Kwa zahanati ya Makete, basi, una njia mbili za kweli. Lithiamu ya fosfeti ya chuma ni nzuri, kwa sharti moja: haipaswi kuchajiwa ikiwa chini ya nyuzi sifuri. Kuitumia kwenye baridi haina neno, lakini ukiichaji ikiwa imeganda, lithiamu inajibandika kama chuma juu ya upande hasi badala ya kuingia ndani, na madhara hayo hayarudi nyuma. Kwenu hatari iko saa 1 asubuhi, jua limechomoza, paneli inaamka, betri bado ina ubaridi wa usiku. Nunua yenye kadi ya BMS, yaani kadi ya kuilinda betri, inayokata chaji chini ya sifuri, na usiamini neno la mdomo, ione kwenye karatasi. Iweke ndani ya chumba, kwenye kasha la mbao lenye kizuia baridi, si kwenye banda la nje. Na tafadhali, jiko la mkaa lisikaribie betri kwa kisingizio cha kuipasha.

Bajeti ikiwa ndogo, risasi ya jeli au AGM (ile ambayo asidi yake imenyonywa na nyuzinyuzi za kioo) inavumilia baridi yenu vizuri. Ikiwa imejaa, asidi yake haigandi hata kwenye nyuzi 60 chini ya sifuri. Ikiachwa tupu kabisa inakaribia kuwa maji na inaweza kuganda kwenye 7 au 8 chini ya sifuri. Kwa hiyo isilale tupu. Funga kihisi cha joto cha kontrola kwenye betri yenyewe, si ukutani. Betri ya volti 12 inataka volteji ya kuchaji ibadilike kwa takriban milivolti 24 kwa kila nyuzi moja: kwenye nyuzi 5 iongezeke karibu volti 0.5, kwenye nyuzi 40 ipungue 0.36. Betri ya Mbagala naamini ilikosa hicho. Mtu aliweka 14.4 akaondoka, na kwenye joto lile ilipaswa kuwa 14 hivi au chini yake. Ukifunga lithiamu, zima marekebisho hayo, yenyewe hayaihusu.

Kama zahanati ina friji ya chanjo, hapo usiamue peke yako. Chanjo zinataka nyuzi 2 hadi 8 bila mzaha, na yapo majokofu ya sola yanayofanya kazi moja kwa moja bila betri. Mtafute mratibu wa chanjo wa wilaya kabla hujachora mchoro wowote.

Mbagala dawa ni rahisi na haiuzwi dukani: zishushe. Betri yoyote, ya risasi, ya lithiamu au hiyo ya zinki ya kesho, itaishi zaidi chini kwenye kona yenye kivuli na hewa kuliko juu ya dari. Lithiamu nyingi za fosfeti zina mwisho wa kuchajiwa kwenye nyuzi 45, na dari lile linakaribia hapo. Nyaya zilizoungua au inveta inayokata kata zikaguliwe na fundi mwenye leseni ya EWURA. Kama ni wewe, vizuri, kama si wewe, mwite.

Tumefika kwenye mwani. Habari iliyozagaa mwaka 2022 ilihusu magamba ya kaa: kundi la Liangbing Hu wa Chuo Kikuu cha Maryland lilitengeneza jeli ya kitosani na zinki, na walisema jeli hiyo inaoza udongoni kwa miezi 5 hivi. Lakini jeli ya mwani nayo imejaribiwa kwenye betri za zinki, ile iitwayo karajinani, na ndiyo inayotolewa kwenye mwani wanaolima akina mama wa Paje na Jambiani. Kuna kejeli moja hapa. Mwani aina ya cottonii unatoa jeli ngumu, inayovunjika, ambayo ikiganda na kuyeyuka hutema maji. Spinosum unatoa jeli laini ya kunyumbuka ambayo haitemi. Sokoni cottonii ndiyo yenye bei, ila bahari ikipata joto inakufa, hivyo Zanzibar inavuna zaidi spinosum, ile ya bei ya chini. Kwa asubuhi za Makete, hiyo ya bei ya chini ndiyo ningeanza nayo.

Ila usichemshe mwani ukautia kwenye betri. Utakuwa na chumvi ya bahari ndani, na kloridi yake itatoboa zinki. Kuutoa karajinani safi kunahitaji magadi makali ya kiwandani. Pia usifungue seli yoyote ya lithiamu kutafuta vipande, na usishawishike na chumvi za pakloreti utakazoziona kwenye video: zikikauka na polima zinaweza kuwaka vibaya. Ukitaka kutengeneza seli yenyewe, nenda idara ya kemia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, au Taasisi ya Nelson Mandela Arusha, ukiwa na swali lako hili hili. Fundi anayejua dari la Mbagala lina nyuzi ngapi ana kitu ambacho wengi wao hawana.

Kuna jaribio moja la kufanya wewe mwenyewe, lisilo na umeme kabisa, na kwa maoni yangu lina thamani kuliko ile video. Nunua agari au karajinani ya unga, pika jeli ya maji matupu, mimina kwenye vichupa 6 vya ujazo sawa. Viwili viache wazi, viwili vifunge, viwili changanya na glisirini kisha vifunge. Seti moja ya vitatu ikae Makete nje kwenye baridi, nyingine Mbagala darini mahali ilipokuwa ile betri. Kila Jumapili vipime kwa mizani ndogo ya jikoni, andika uzito, joto la saa 12 asubuhi na la saa 8 mchana, na kipi kimepasuka au kutema maji. Fanya wiki 8, kisha nitumie daftari. Nitaanza kuangalia kile cha Mbagala kilichofungwa bila glisirini.